Bogenvilia Haishiki Ukuta

Kwenye vitalu vya miche vilivyojipanga kando ya Ngong Road jijini Nairobi, au ukingoni mwa Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, mche wa bogenvilia huuzwa pamoja na ushauri wa bure. Muuzaji anasema umwagilie kila siku. Fundi aliyejenga ukuta anasema usiipande karibu, itaupasua. Jirani anasema unajiletea nyoka. Mtunza bustani hasemi kitu. Yeye huja na panga au mkasi mkubwa, hunyoa palipozidi kimo, akapokea ujira wake na kwenda zake. Baada ya miaka 3 mwenye nyumba amebaki na kichaka cha miiba upande wake, na rangi yote iko juu ya ukuta, inamfurahisha jirani.

Madai hayo, na mengine ya ukoo huohuo, nitayajibu hapa moja baada ya jingine. Mengi yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanadumu. Ila karibu yote yanaanzia mahali pamoja: watu wameidhania bogenvilia kuwa mmea unaojua kujishika ukutani. Haijui. Yenyewe huegemea tu, na asiyelijua hilo atafanya makosa kuanzia waya wa kwanza hadi mkato wa mwisho.

Basi tuanze na lile linalosemwa kwa upole kuliko yote: "Wewe ichomeke tu chini ya ukuta, itajipandia yenyewe." Mpesheni una vikonyo vinavyojisokota kwenye waya. Maharage marefu huuzungusha mwili mzima kwenye mti. Ule mmea wa majani madogo unaofunika kuta za majumba ya zamani hadi jiwe lisionekane, ambao wanasayansi huuita Ficus pumila, hutoa vijizizi vinavyogandamana na lipu. Bogenvilia haina hata kimoja kati ya hivyo. Kwao ni Amerika ya Kusini, Brazili na nchi za jirani, na huko hurusha machipukizi marefu katikati ya matawi ya miti mingine. Miiba yake hufanya kazi ya ndoano: tawi likitaka kurudi nyuma kwa upepo au kwa uzito wake, mwiba unanasa. Kwenye vichaka vya kwao mbinu hiyo inatosha. Kwenye ukuta uliopigwa lipu na kupakwa rangi hakuna cha kunasa, kwa hiyo chipukizi hupaa mita 2 au 3, likaelemewa, likaangukia njiani na kumkwaruza mtu uso.

Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa katika msafara wa meli za Ufaransa ulioongozwa na Louis Antoine de Bougainville, na mmea ukapewa jina la mkuu huyo wa msafara. Aliyefuatana na Commerson kukusanya mimea na kumbebea mizigo ni Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika nguo za kiume kwa sababu meli za kijeshi hazikuruhusu wanawake, na ambaye leo hutambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia. Kwa maoni yangu jina lingemfaa yeye zaidi. Lakini tuendelee.

Ukuta unatakiwa kuvalishwa waya kabla mche haujatiwa ardhini. Waya wa mabati wenye unene wa milimita 2 au 3, ulazwe kwa mistari ya mlalo, wa kwanza nusu mita kutoka chini na mingine ikifuatana kila sentimita 30 hadi 45. Usiuache waya ulale juu ya lipu. Skrubu zenye kichwa cha pete, zilizokazwa kwenye plagi za plastiki, ziuweke mbali na ukuta kwa sentimita 5 hadi 10, hewa ipite, lipu ikauke upesi baada ya mvua, nawe upate pa kupitishia vidole unapofunga tawi. Wengi hupuuza hili wakapigilia misumari moja kwa moja na kufunga kila tawi kwenye msumari wake. Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi ya hewani huila misumari hiyo haraka, kutu huvimba ndani ya ukuta na kuibandua lipu vipande vipande, halafu anayehukumiwa ni mmea.

Kuna pia wanaosema waya mwembamba ndio kamba bora kwa kuwa haukatiki. Ni kweli haukatiki. Kinachokatika ni tawi, kwa sababu gome hunenepa mwaka hadi mwaka na waya haulegei, ukazama ndani yake na kulinyonga. Fungia kamba ya katani, au vipande vya kanga kuukuu, au mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe, na ufunge kwa umbo la nane ili kamba ipite kati ya tawi na waya visisuguane. Katani huoza baada ya msimu au miwili, jambo ambalo watu huliona kasoro. Mimi naliona sifa, maana linamlazimisha mtu arudi kukagua. Wa pwani wakague kabla Kusi haijakaza. Tawi lililolegea likipigwa na upepo wa Juni na Julai hukwanguliwa gome lote upande wa ukutani.

Dai linalofuata lina sura ya busara: "Iache ifike juu kwanza, utailaza baadaye." Ndilo limeharibu bogenvilia nyingi kuliko ukame. Ncha ya kila chipukizi linaloelekea juu hutengeneza homoni iitwayo oksini, nayo huteremka kwenye shina na kuyazuia macho yaliyo chini yasichipue. Hapo ndipo unapopata yale mashina marefu, uchi mpaka usawa wa kichwa, yenye majani na maua kileleni tu. Ukililaza tawi karibu na mlalo, utawala wa ncha unapungua. Macho yaliyo mgongoni mwa tawi yanaamka, kila moja linatoa kitawi kifupi, na vitawi hivyo vifupi ndivyo vinavyobeba rangi. Tawi moja lililosimama wima hukupa shada moja kileleni. Likilazwa hukupa mashada kwa urefu wake wote.

Aliyengoja miaka 3 atakuta shina ni gumu, halipindiki bila kupasuka, na chini hakuna jicho lililo tayari kuamka. Kazi ya kulaza ni ya mwaka wa kwanza, machipukizi yakiwa na unene wa penseli. Panda mche sentimita 30 au 45 kutoka ukutani, maana udongo ulio chini kabisa ya ukuta haupati mvua ya kutosha, na uulaze kidogo kuelekea kwenye waya. Chagua machipukizi 5 au 7, uyatandaze kama pepeo: mawili ya chini kabisa, moja kushoto na moja kulia, yaanze kwenye waya wa kwanza, na mengine yapande kwa mshazari. Lile la katikati linalokimbilia juu likate bila huruma. Ukiliacha litakula chakula cha wenzake. Na usipinde asubuhi. Tawi lililoshiba maji ya usiku huvunjika kirahisi, ila alasiri, baada ya jua kulilegeza, hufuata mkono.

Waliosoma vitabu wana dai lao pia, kwamba ukuta bora ni unaotazama kusini. Vitabu hivyo vingi viliandikwa Ulaya, ambako jua la adhuhuri daima liko kusini. Dar es Salaam jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini kuanzia mwezi Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha linahamia kusini. Ukuta unaotazama kusini, kwa hiyo, hukaa kivulini kwa miezi ya kiangazi kirefu, ambayo ndiyo miezi ya maua. Ukuta wa mashariki au wa magharibi hupata karibu nusu siku ya jua mwaka mzima, na bogenvilia inataka saa 5 au 6 kila siku ili ichanue. Kama una ukuta wa kusini tu, au ukuta ulio chini ya mwembe, tafuta mmea mwingine. Chini ya kivuli itakupa majani.

Sasa dai la fundi, kwamba mizizi itapasua ukuta. Nalipa uzito kwa sababu linahusu pesa, na kwa sababu anayelisema mara nyingi ndiye aliyeujenga ukuta huo. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na dhaifu. Hukatika hata unapoutoa mche kwenye mfuko, ndiyo maana mfuko huchanwa taratibu na bonge la udongo halitikiswi. Mzizi usiostahimili kutikiswa mkononi hauwezi kuinua msingi wa zege. Nyufa zile zinazopanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali husababishwa zaidi na ardhi inayocheza: udongo mweusi wa mfinyanzi, uliojaa katika sehemu kubwa za Nairobi na tambarare za Athi, huvimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi, na ukuta wenye msingi mfupi, mrefu bila nguzo za kati, hupasuka tu hata kama mbele yake hakukuwahi kupandwa jani.

Mimea inayovunja kuta ipo, na pwani tunaijua. Ni ile ya jamii ya mikuyu, ambayo ndege huacha mbegu zake kwenye ufa wa ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, zikaota palepale, mizizi ikashuka ndani ya jiwe na kulitenganisha na mwenzake. Nenda Gede, karibu na Malindi, au Kilwa Kisiwani, utaona magofu ambayo miti imeyakumbatia na kuyabomoa kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba ya zamani akiona kimche cha namna hiyo juu ya dari yake aking'oe siku hiyohiyo. Aiache bogenvilia.

Hata hivyo fundi ana sehemu yake ya haki, nayo iko juu. Kichaka kilichoachwa miaka mingi bila kupogolewa kina uzito mkubwa, na kikilowa mvua uzito unaongezeka. Mzigo huo ukiwa umeegemea wote kwenye tofali za mwisho za ukuta wa inchi 6 usio na nguzo, kisha upepo ukauvuta, ukuta unaweza kuyumba kweli. Machipukizi pia hupenya chini ya mabati na vigae, hujaza majani kwenye mifereji ya maji ya mvua, na maji yakishakosa njia huingia darini. Yakatwe nusu mita chini ya paa, kila mara, bila kungoja yafike.

Muuzaji wa miche, yeye, anasema: "Maji kila siku na samadi ya kutosha, utapata maua mpaka uchoke." Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na mimi naliona zuri kuliko yote kuhusu mmea huu. Chunguza kikwapa cha jani la bogenvilia, pale jani linapoungana na tawi. Panatoka ama mwiba ama kikonyo cha maua, na vyote viwili ni kiungo kilekile kilichofuata njia tofauti. Mmea ukiwa na maji tele na naitrojeni tele hukimbilia kurefuka, na kikwapa kinatoa mwiba. Ukipungukiwa maji kidogo, ukiwa na jua kali, ukuaji unapoa na kikwapa kinatoa maua. Anayelalamika kwamba bogenvilia yake ina miiba mingi na maua machache ameeleza, bila kujua, ratiba yake ya umwagiliaji.

Katika nchi zenye majira ya baridi, siku kufupika nako huiambia bogenvilia ichanue. Kwetu ishara hiyo ni hafifu: Nairobi tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki robo saa. Kinachobadilika ni mvua. Ndiyo maana baada ya masika, maji yakishakauka ardhini, kuta za Oysterbay jijini Dar es Salaam na Nyali kule Mombasa hushika moto kwa pamoja, na ndiyo maana ile iliyopandwa kando ya majani ya bustani yanayonyunyiziwa maji kila jioni hubaki kijani huku mwenzake wa nje ya geti, asiyetunzwa na mtu, akiwa mwekundu tupu. Watu humwonea wivu yule wa nje kama kwamba ana siri.

Sisemi mche uteswe. Msimu wa kwanza, mizizi ikiwa bado haijaenea, umwagilie mara 2 kwa wiki, maji mengi yazame. Ukishashika, ngoja majani yaanze kulegea kidogo ndipo umwagie, tena kwa wingi, kisha uuache. Iliyo kwenye chungu ni habari nyingine kwa sababu chungu hukauka upesi, lakini kanuni ya kungoja ni ileile. Samadi, debe moja iliyooza vizuri mwanzoni mwa mvua linatosha mwaka. Mbolea za urea na CAN ziache kwenye mahindi. Samadi ya kuku ikiwa bado mbichi huunguza mizizi, na hata ikiiva itakupa machipukizi ya mita 3 usiyo na pa kuyafunga.

Kuhusu kukata, madai ni mawili na yanagombana. Upande mmoja kuna wanaoogopa: "Ukikata unaondoa maua." Upande mwingine kuna yule bwana wa mkasi mkubwa, anayenyoa uso wa kichaka kila baada ya wiki chache mpaka ukae bapa. Wote wamekosea, ingawa wa pili ana hatia kubwa zaidi.

Anayeogopa anadhani ile rangi ndiyo ua, na kwamba tawi lililochanua mwaka huu litachanua tena. Ile rangi ya waridi, zambarau au chungwa ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kijirija chembamba cheupe katikati yake, na kwa kawaida hukaa vitatu pamoja. Majani hayo makavu hudumu wiki nyingi, ndiyo maana tunaiona bogenvilia kama isiyonyauka. Maua hutoka kwenye vitawi vipya. Kitawi kilichomaliza kazi kikiachwa hurefuka, kikazeeka, na maua yajayo yatatokea mbali zaidi na ukuta, na ya mwaka unaofuata mbali zaidi tena, hadi kichaka kinasimama mita nzima mbele ya ukuta kikiwa kitupu ndani. Kukata kunayarudisha maua karibu na mkono wa mmea.

Mkasi mkubwa, kwa upande wake, hukata ncha zote kwa usawa mmoja na hauchagui. Kila ncha iliyokatwa hutoa machipukizi mawili au matatu, yote mahali pamoja, na baada ya muda unapata ngozi nene ya majani upande wa nje na giza la vijiti vilivyokufa upande wa ndani. Zaidi ya hapo, vitawi vipya hukatwa kabla havijafika umri wa kutoa maua. Ukiona ukuta ulionyolewa vizuri, umenyooka, na hauna rangi hata moja katikati ya Agosti, ujue mkasi unapita mara nyingi kuliko mmea unavyoweza kujibu. Panga ni baya kwa namna nyingine: hupasua tawi badala ya kulikata, na kisiki kilichochanika hukauka kurudi nyuma.

Chombo sahihi ni mkasi mdogo wa kupogolea, wenye makali, pamoja na msumeno kwa mashina mazee. Mapogoleo makubwa ni ya mara moja kwa mwaka, na kwa Dar es Salaam na mwambao nayaweka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajaanza. Mvua itafanya kazi ya kuotesha machipukizi, wewe utayalaza na kuyafunga yakiwa laini, na kiangazi kikiingia Juni yatakuwa yamekomaa vya kutosha kuchanua. Anza na vilivyokufa na vinavyosuguana. Kisha rudi kwenye mikono mikuu uliyoitandaza ukutani, na kila kitawi kinachotoka kwayo ukikate ukiacha macho 2 au 3 tu. Mara ya kwanza utaona kama umeua mmea. Mkono mmoja uliozeeka kuliko yote uondoe karibu na shina, na chipukizi jipya la chini likalazwe mahali pake. Ukifanya hivyo kila mwaka, hutawahi kuwa na bogenvilia kongwe. Vidonda havihitaji kupakwa rangi wala lami. Mmea hujifunga wenyewe kwa ndani, na rangi hufungia unyevu.

Baada ya hapo, mwaka mzima, kazi ni ndogo: rangi ikipauka na kudondoka, kata ncha za vitawi hivyo kwa sentimita 10 au 20 na ungoje awamu nyingine.

Nyoka. Hapa siwezi kumcheka jirani. Katika ukanda wa pwani ya Kenya na Tanzania anaishi nyoka wa kijani mwenye sumu kali, Dendroaspis angusticeps, ambaye maisha yake ni juu ya miti, kwenye miembe na mikorosho, na kichaka kizito kinachoungana na matawi ya mwembe ni barabara kwake. Lakini bogenvilia haina harufu wala utomvu unaomwita. Nyoka hufuata chakula na maficho: ndege wenye viota, mijusi, na panya wanaozaa chini ya rundo la majani makavu. Kichaka kile cha mita moja, kilichonyolewa nje na kuoza ndani, kinampa vyote. Mmea uliotandazwa bapa ukutani, sentimita 40 za chini zikiwa wazi na zimefagiwa, unaona nyuma yake hadi kwenye lipu. Kwa hiyo tahadhari ni kweli, ila tiba yake ni kupogoa, na wale wanaong'oa mmea mzima huku wakiacha lundo la mbao kuukuu pembeni hawajajikinga na kitu. Wanaosema huleta mbu wajibiwe kwa ufupi: mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Kwenye majani hupumzika tu, na ndani ya kichaka kilicho wazi hapati pa kupumzikia.

"Miiba yake ina sumu." Haina sumu ya kuua, ila kuchomwa kwake si mchezo. Ngozi ya wengine huwasha na kuvimba, ncha ikivunjikia ndani kidonda hukaa muda mrefu, na mwiba uliozama karibu na kiungo cha kidole ni wa kupeleka hospitali, usichokolewe kwa sindano ya kushonea. Glovu za ngozi na miwani. Matawi yaliyokatwa yakusanywe siku ileile, maana mwiba mkavu hutoboa kandambili.

Miiba hiyohiyo ndiyo inayowafanya wengine waseme huhitaji uzio mwingine, bogenvilia inatosha kuzuia mwizi. Kama ni kuzuia, michongoma hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa sababu husonga kuanzia ardhini, wakati bogenvilia huwa uchi chini. Juu ya uzio wa waya inapendeza na inasumbua anayeruka. Juu ya fensi ya umeme ni hasara: tawi bichi likigusa waya huvujisha umeme ardhini, king'ora kinalia usiku kwa sababu ya jani, na baada ya usiku kadhaa mlinzi anakizima. Ipogolewe ibaki chini ya waya wa kwanza, au ipelekwe ukuta mwingine.

Limebaki la rangi. "Ilikuwa ya njano, udongo umeibadilisha." Mara nyingi jibu liko chini ya majani. Bogenvilia nyingi za kisasa ni chotara, na hutokea tawi moja likatoa rangi tofauti na mama yake. Lisipokatwa pale lilipoanzia, na likiwa na nguvu zaidi, huufunika mmea wote. Aina nyingine huzaliwa za chungwa na kupaukia waridi kadiri siku zinavyopita, na hizo hazijabadilika, zimezeeka. Wapo pia waliouziwa miche miwili ya kutiwa shimo moja ili ukuta uwe na rangi mbili. Ya zambarau, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye kasi, itaimeza ya njano kabla ya mvua ya pili. Zipande mita 3 mbali, mikono ya moja ikutane na ya nyingine kwenye waya wa juu, na ya zambarau uipogoe mara mbili kwa kila mara unapoigusa ya njano.